Nilivyoipaka Mkumbi rangi nyekundu kwenye dashibodi kwa kalamu yangu

Wakuu, salaam kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe, na aibu yake ni yangu. Sitapunguza wala kuongeza.

Mimi ni mzee wa form four ya zamani. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa rejista kwenye zahanati moja huku ziwani.

Rejista ina safu ya "mahali anapoishi". Tulipewa semina, tukaambiwa tumuulize kila mgonjwa.

Mimi sikuuliza.

Nilijisifu kwamba nikisikia jina la ukoo tu, nimeshajua kwao. Jina la Kimatengo, la watu wa milimani? Nilikuwa naandika Mkumbi, naita anayefuata. Foleni ilikwenda mbio, watu wakanisifu.

Msimu mmoja kuhara kukapamba moto. Siku hiyo akaja Oliva, binti wa takwimu kutoka mkoani, na laptop yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Akafungua dashibodi. Kwa wasioijua, ni ukurasa unaochukua data za zahanati zote na kuzigeuza grafu na ramani. Mwambao wetu ulikuwa kijani kibichi. Mkumbi, huko juu milimani, nyekundu kama pilipili.

"Timu imepanda Mkumbi na dawa za kutibu maji," akasema. "Mwenyekiti akawauliza, hapa anayeharisha nani? Wamelishwa ugali na maharage, wakarudi."

Nikamwambia kompyuta yao mbovu.

"Kompyuta haijamwona mgonjwa, babu. Inajua ulichoandika wewe."

Akachuja data, wakabaki wagonjwa wa kuhara wa Mkumbi peke yao. Wote walitibiwa kwetu.

"Sasa nieleze. Mtu anaharisha, anapanda gari Mkumbi, anapita zahanati zote za njiani, anakuja kwako tu. Una nini wewe?"

Muuguzi akacheka mpaka akaweka sindano chini. Mimi sikucheka.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja, mtoto wake yuko kwenye dripu, macho yamezama. Asubuhi ile nilikuwa nimemwandika Mkumbi. Nikamfuata.

"Mama, jana mmelala wapi?"

"Si hapo kambini kwa wavuvi, baba. Mwezi wa pili huu tunaanika usipa."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Umesoma jina kwenye kadi ukasema, wa Mkumbi hawa."

Wakuu, nilitamani sakafu inimeze. Watu wa kahawa wa huko milimani hushuka kila mwaka kuja kwenye usipa, dagaa wetu wa ziwani. Nilikuwa nawaona kwa macho yangu wakianika mchangani, na bado kalamu iliwarudisha milimani.

Tukabeba rejista mpaka kambini, mimi na Oliva. Safari hii niliuliza kila mtu: umelala wapi, unachota maji wapi. Oliva akasahihisha palepale. Ule wekundu ukashuka mlimani wote, ukatua kambini kwetu. Na karibu kila mgonjwa alitaja kisima kimoja, kile cha jirani na choo.

Kisima kikafungwa, dawa za maji zikaletwa. Foleni ya kuhara ikapungua, ikaisha.

Ninachojutia ni wiki zile watu walipoendelea kunywa maji yale huku msaada ukipanda mlima kwa sababu yangu. Oliva hakuniripoti. Nilikwenda kwa mganga mfawidhi mwenyewe, nikasema.

Funzo, vijana wa data: dashibodi inaweza kuwa nzuri kuliko bibi harusi, lakini inakula ulichopika. Nenda kwa anayejaza rejista, ukae naye.

Yule mtoto alipona. Siku moja kabla ya kurudi kwao mama yake alipita kuaga, naye mtoto akang'ang'ania kalamu yangu. Nikafungua rejista, nikauliza kwa adabu zote, "Mnaishi wapi?"

Mama akacheka. "Leo andika kambini, baba. Mkumbi ni kesho."

Waliowahi kujaza hizi rejista, semeni na nyie mlivyokosea. Nimeanza mimi mzee, msione haya.