Kikombe Hakirudi Kitupu

Chai ikisahaulika jikoni ikachemka mpaka ikawa nyeusi na chungu, wengine huimwaga. Mimi huinama nikainusa. Harufu hiyo hunirudisha kwenye uwanja wa matope kule Maryland, Jumapili asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na hakuna hata mtu mmoja anayeliita jina langu.

Najua utauliza: mtoto wa Tanga na mpira wa Waairishi, wapi na wapi? Tulikuwa tunaishi Alexandria, ile ya Marekani, ng'ambo tu ya mto kutoka Maryland, mimi na baba, kwenye fleti yenye kochi moja. Mama alibaki Tanga akingoja karatasi zake za kuja. Baba aliendesha teksi usiku, mchana akalala, nami nikikaa ngazini kuongea na mdoli wangu. Jirani yetu Mkenya, Mama Wambui, aliyekuwa akiuguza wazee majumbani, alichoka kuniruka kila akipanda.

"Huyu mtoto ataharibika na upweke, Baba Zuhura," alimwambia. "Mimi namhudumia mama mmoja Muairishi, mzee wake ana klabu ya mpira. Wanatafuta watoto. Mpeleke tu, hawachagui."

Mpira wenyewe, jamani, ni vituko! Unaudaka kwa mikono, unakimbia nao huku ukiupiga kwa mguu ukurudie mkononi. Milingoti ya goli inapanda juu kupita mwamba. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba ni pointi moja, ukiuingiza chini yake ni tatu. Mzee Donal, yule mume wa mgonjwa wa Mama Wambui, alikuwa mmoja wa walioianzisha klabu na ndiye aliyetufundisha kucheza, na historia yake alitusimulia kila tulipokuwa tukifunga kamba za viatu, tutake tusitake.

Walikuwa vijana wa ujenzi na wahudumu wa baa, alisema, waliokuja Marekani kila mtu kivyake, na Jumapili hawana pa kwenda. Milingoti yao ya kwanza ilikuwa mbao zilizobaki kazini. Walifukuzwa uwanja huu wakahamia ule, wakafukuzwa tena. Wengi walitoka zamu ya usiku moja kwa moja, wakajilaza garini kungoja filimbi. Hapo ndipo ikazuka desturi yao: aliyelala haamshwi. Anawekewa kikombe cha chai juu ya boneti, ili akiamka ajue kwamba hawakumsahau. Vikombe vilikuwa vya udongo, vyenye mstari wa kijani, na mkewe Donal alivipakata kwenye ndege kutoka kwao. Waairishi wengi walirudi makwao baadaye, nafasi zao tukazichukua sisi watoto wa kila taifa. Vikombe vikabaki.

Baba alinipeleka kila Jumapili akitoka kazini. Aliegesha teksi mbali kabisa, chini ya uzio, akalala. Wazazi wengine walijipanga mstarini wakipayuka majina ya watoto wao mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mimi nikidaka mpira niligeuka kutazama teksi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: baba ashuke, asimame pale mstarini, aniite.

Siku moja nikamwomba. Akashangaa kweli.

"Mwanangu, mtoto akishakabidhiwa kwa mwalimu, mzazi anakaa kando. Nikamsimamie mzee wa watu kama askari? Ataona simwamini. Huo ni utovu wa adabu."

Alisema kwa upole, tena akanipapasa kichwa. Usiku ule nilijifungia bafuni nikalia.

Na kama hilo halikutosha, likaja la vikombe. Kila Jumapili Mzee Donal aliburuta miguu mpaka kwenye uzio na kuweka chai juu ya boneti ya baba. Baba aliamka, akanywa, akakifuta kikombe kwa kitambaa, akakifunga kwenye gazeti na kukitia kwenye buti la teksi. Hakurudisha hata kimoja! Mezani vikazidi kupungua, watu wakaanza kunywea vya karatasi. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama vikombe siku hizi vimeota miguu. Mzee Donal alimkata jicho, akaenda na chai yake kwenye uzio kama kawaida. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Garini nikamwambia baba, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba watatuita wezi.

"Zuhura," alinijibu, "umeona wapi chombo cha watu kikarudishwa kitupu? Bibi yako alikuwa anasemaje? Mkono mtupu haulambwi. Mama yako akija atavijaza."

Basi nikangoja. Majani yakapukutika, theluji ikaja ikaondoka, na vikombe vikiendelea kugongana ndani ya buti kila tulipokata kona.

Asubuhi moja ya Jumapili niliamshwa na harufu ya iliki na mafuta yaliyoungua. Baba alikuwa jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, macho mekundu kwa moshi, akijaza visheti kwenye vile vikombe vya mstari wa kijani. Sikuuliza kitu. Nilirukaruka tu.

Siku hiyo hakulala. Mchezo ukiwa umepamba moto, nikamwona anakuja na sinia, siyo kwa kuzunguka, la, katikati ya uwanja! Refa akapuliza filimbi. Baba akasimama, akampa mkono, akamwuliza habari za nyumbani. Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akaendelea na safari mpaka kwa Mzee Donal.

"Mwalimu, vyombo vyako vimekaa sana kwangu," alisema kwa Kiingereza cha teksi. "Nisamehe."

Mzee Donal alilipokea sinia kwa mikono miwili. Akauma kisheti kimoja, kikalia kama kokoto. Akakichovya kwenye chai, akatafuna taratibu, akavuta kiti. "Keti hapa," akasema. Na mwalimu akishasema, baba angekataaje?

"Zuhura! Kaza, mwanangu!"

Niliudondosha mpira. Sikujali hata kidogo.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Tanga, nikamsimulia mama kisa hiki huku nikicheka. Mama hakucheka. Alikunja upande wa khanga yake, akakunjua.

"Wiki hiyo ndiyo niliyompigia simu," alisema. "Nilimwambia siji tena, aniandikie talaka yangu. Halafu akaniuliza, visheti, shira yake inachemshwa mpaka iweje."

Miaka yote hiyo nimeitunza Jumapili ile kuwa siku ambayo baba yangu alikuja. Kumbe alikuwa ameacha kungoja. Na yale macho mekundu, mimi niliyalaumu mafuta.