Binti wa Dobi Asema Hajui

Mama Dobi alikuwa na binti aliyerudi nyumbani na digrii ya kemia, na kwa siku tisa alimchunguza kama nguo iliyotoka kufuliwa: imetakata kweli? Binti alicheka kama zamani, na taulo bichi bado aliliacha kitandani. Roho ya mama haikutulia. Jirani yake, fundi viatu, alizidi kuichokoza.

"Dobi, hiyo digrii inafua, au inatundikwa tu?"

Siku ya kumi akaingia mwalimu mkuu na koti lake jeusi, doa begani pana kama kiganja. Kesho yake saa tatu alikuwa na hotuba.

"Mafuta hayo," fundi viatu akasema kutoka mlangoni. "Petroli tu."

"Chai," Mama Dobi akasema, mkono tayari kwenye chupa ya dawa ya madoa. Kisha akakumbuka ana msomi ndani. Akamwita kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, njoo utuambie doa hili ni la nini."

Binti akaligeuza koti, akalinusa. "Sijui, mama."

Fundi viatu akajikohoza. Mama Dobi akatamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote ile ya kujinyima, jibu ndilo hilo?

Binti akamsogezea mgeni kiti. "Shikamoo, mwalimu. Kwani ilikuwaje?"

"Marahaba." Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Miaka ishirini alileta nguo hapo, hakuna aliyewahi kumuuliza. "Niliegemea ukuta wenye chokaa, mwanangu. Nikaona aibu. Nikalifunika doa kwa wino wa mhuri."

Mkono wa Mama Dobi ukaiachia chupa wenyewe. Dawa ile ingeusambaza wino hadi mgongoni. Lakini wino aliujua vizuri: spiriti na pamba, polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Akamwonyesha binti namna ya kushika.

"Kumbe mwalimu ni wewe," fundi viatu akasema.

"Nyamaza, tunasoma."

Alasiri koti lilikuwa safi. "Hukuona haya kusema hujui?" mama akauliza.

"Chuoni ukisema unajua, mama, wanakwambia thibitisha. Nilikoma kujidai tangu mwaka wa kwanza."

Jioni akaja mwanamke na gauni lenye doa kwenye kola. Rangi ya midomo, dhahiri kabisa. Mama Dobi akalimeza neno lake.

"Karibu kiti, mdogo wangu. Ilikuwaje?"

Mwanamke akashusha pumzi, akakaa. "Ni habari ndefu," akasema.