Mahojiano na Wanaume Waliosimama Majini

Nyanya yangu hawezi tena kusafiri, kwa hiyo alinituma Rusinga nimtazamie ufuo alikoteka maji akiwa msichana mwenye gauni moja tu. Sijui nimpelekee habari gani.

Mawe aliyonieleza niliyakuta. Juu yake kulikuwa na rundo la matambara. Nikaandika kwenye daftari kwamba umaskini bado upo, kisha nikayakalia. Ziwani walisimama wanaume sita, maji yakiwafika shingoni.

“Mnavua nini, wazee?”

“Hatuvui, dada.”

Niliwauliza kuhusu bei ya samaki, shule na barabara. Walijibu kwa adabu, meno yakigongana. Nusu saa ilipita bila yeyote kusogea. Nikaandika: watu wa hapa ni wavumilivu sana.

“Nyanya yangu aliteka maji hapa,” nikawaambia.

“Wanawake walihamia kule kwenye bomba kitambo,” mzee mmoja akasema. “Hapa siku hizi ni pa wanaume.”

“Mnapatumia kwa kazi gani?”

Wakatazamana.

“Kuoga, nyathina, mwanangu. Na hiyo uliyoikalia ni suruali yangu.”