Askari Ambaye Mjomba Hakumla

Kwetu sisi Wangoni, ukitaka kuoa unakwenda kwa baba wa binti. Baba akikubali mambo yamekwisha, akikataa unabeba kofia yako. Kwa hiyo mchumba wangu aliponiambia kwamba barua yetu ya posa imepelekwa kwa mjomba wake Tunduru, na kwamba baba yake mzazi, ambaye yuko hapa hapa Songea, amesema yeye hana la kusema, nilikasirika. Nilimuuliza huyo mjomba anahusika vipi.

"Kwetu Wayao mpwa ni wa mjomba," alisema. "Baba atakula pilau tu siku ya harusi."

Mjomba hakuikubali barua wala hakuikataa. Aliuliza jambo moja tu: huyo kijana anacheza sataranji? Alikuwa dalali wa mawe ya vito tangu enzi zile wageni walipofurika Tunduru, na mchezo huo alifundishwa na mnunuzi mmoja wakati wakisubiri mawe yatoke machimboni. Mnunuzi aliondoka zamani, ubao ukabaki. Tangu hapo kila aliyetaka kuoa katika ukoo ule alikalishwa mbele ya ubao huo. Mmoja wao, mchumba wangu aliniambia bila kucheka, aliondoka bila kuaga na akaenda kuoa Masasi.

Mimi ni fundi wa majokofu, Mjimwema, hapa Songea. Sataranji niliijua kwa kiasi cha kujua farasi anavyoruka. Lakini yule binti nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaingia kwenye simu kutafuta elimu.

Waliobobea wanashauri hivi: usijifunze kila kitu. Chagua namna moja ya kuanza mchezo ukiwa na kete nyeupe, na nyingine ukiwa na nyeusi. Kisha tafuta michezo ya mabingwa walioanza kwa namna hiyo, uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kete inaposogea ujiulize kwa nini imekwenda pale. Ushauri mzuri. Mimi nilichagua kwa hasira zangu nilizozaliwa nazo. Kuna mwanzo mmoja ambao katika hatua ya pili tu unamtolea mwenzako askari wa bure. Anamla, anavurugika, na kabla hajafuta mdomo mfalme wake yuko motoni. Katika michezo yote niliyoipata ya mabingwa wa zamani, hakuna aliyeacha kula. Walikuwa watu wenye hamu.

Umeme ukikatika fundi wa majokofu hana kazi, na umeme ulinihurumia sana miezi ile. Nilikaa katikati ya majokofu yaliyo wazi, simu mkono mmoja, vizibo vya soda nilivyovipaka rangi vikiwa ndiyo kete zangu, nikakariri mchezo baada ya mchezo. Sehemu ya kujiuliza kwa nini niliiruka. Kama mtu ameshinda, unamuuliza kwa nini ili iweje?

Wa kufanyia mazoezi alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Ni mtu wa drafti, na katika drafti kula ni lazima. Ukiwa na cha kula, unakula, utake usitake. Nilimfundisha kete za sataranji zinavyotembea akazielewa, lakini sheria ile haikumtoka. Nikimtolea askari, anakula. Nikimtolea askofu, anakula, tena kwa furaha ya mtu aliyealikwa karamu. Kisha namfunga. Nilimfunga kila siku, mpaka nikaanza kutembea kwa maringo mtaani. Nilimwambia mchumba wangu kwamba mjomba ajiandae.

"Mjomba si baba mdogo," alisema.

Nikaona ni uoga wa kike.

Tulipanda basi la Tunduru na kiroba cha dagaa wa Nyasa kwa ajili ya wakwe. Kabla hatujafika Namtumbo basi zima lilijua kwamba kuna watu wanakwenda kuposa. Mjomba alitupokea barazani, mzee mwembamba mwenye kikofia cheupe. Nikatoa shikamoo yangu, akaniitikia marahaba huku akinitazama kwa jicho moja. Baada ya swala ya adhuhuri na chakula, ubao ukaletwa pamoja na kisahani cha korosho. Askofu mmoja mweusi alikuwa amepotea, mahali pake limewekwa betri la redio.

Kete nyeupe nilipewa mimi, mgeni. Nikasogeza askari, naye akasogeza wake. Nikamtolea yule askari wa bure, nikaegemea kiti.

Mjomba alimwinua askari wangu kwa vidole viwili. Akafumba jicho moja, akamgeuza kwenye mwanga, bila shaka ndivyo alivyogeuza mawe ya watu maisha yake yote. Kisha akamrudisha pale pale alipomtoa.

"Mzuri," alisema. Akalisogeza lile betri hadi katikati ya ubao, likaangalia ubavu wa mfalme wangu.

Hapakuwa na mchezo hata mmoja kichwani mwangu wenye kitu cha namna hiyo. Nilitafuta, nikatafuta tena. Patupu.

"Mbona huli, mjomba?" nikajikuta nauliza.

"Nimeshiba," alisema, akatia korosho mdomoni.

Baba mdogo, aliyekaa pembeni yangu, akanigusa kwa goti. "Basi kula wewe," alininong'oneza. "Askari wake yuko wazi. Kula ni lazima."

Na mimi, niliyemcheka mzee wa watu miezi yote ile, nikala. Malkia wa mjomba akatoka mbio, akamtisha mfalme wangu, akamla askari wangu mwingine, kisha akaingia konani kabisa akala ngome yangu moja nzima. Baba mdogo akauliza choo kiko upande gani.

Niliogopa. Mchezo haukuwa na maana tena. Niliogopa kurudi Songea bila yule binti, nikamfikiria yule bwana wa Masasi, nikaona sasa namwelewa. Nilitaka kusimama nikaage. Badala yake nikaukodolea macho ubao, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuangalia. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikukikariri: katika ile michezo yote, kabla mtu hajachoma mfalme wa mwenzake, alikuwa kwanza amezitoa kete zake zote kwenda kazini. Za kwangu zilikuwa bado zimelala. Na malkia wa mjomba alikuwa kwenye kona yangu, mbali na kwao. Je, nikimzibia mlango? Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Nikatoa farasi.

Mjomba akaacha kutafuna.

Tulicheza hivyo, polepole, mpaka adhana ya alasiri. Malkia wake alikuwa bado yuko konani anahangaika, mimi bado nimepungukiwa ngome moja, na yule askari niliyemtoa bure amesimama katikati ya ubao, mzima. Mjomba akainuka, akaufunika ubao kwa kawa la chakula. Akazungumza na baba mdogo, si mimi, ndivyo posa inavyokwenda.

"Kijana wako amekuja na mkono mwepesi wa kutoa. Hao nimewaona wengi hapa. Anakupa jiwe zuri kwa bei ya bure, na gari linamsubiri nje. Nilitaka nione vya kutoa vikimwishia atafanya nini." Akavaa makubadhi yake. "Amekaa. Mpwa wangu nimempa. Lakini nimempa kwa mchezo ambao haujaisha. Ukiisha, tutazungumza upya."

Baba mdogo alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, wala mjomba hakucheka.

Sasa tuna watoto wawili, na kila Idi tunakwenda Tunduru. Kawa linafunuliwa, kila mtu anasogeza kete moja, linafunikwa. Baba mdogo anawatangazia watu wa drafti pale Mjimwema kwamba ushauri wa kula ulikuwa wake. Simu yangu imeshanionyesha namna ya kumnasa yule malkia, na safari hii nimejiuliza kwa nini, nimeelewa vizuri kabisa. Sijaicheza. Nasogeza farasi mbele, Idi inayofuata namrudisha.

Idi iliyopita nilimrudisha vibaya, mfalme wangu akabaki wazi kabisa. Niliona kosa nikiwa nimeshamwachia farasi. Mke wangu, aliyekuwa anamimina chai, akasimama na birika hewani. Mjomba alitazama kwa jicho moja, akatazama tena, akachukua korosho. Kisha akalirudisha betri lake nyuma, taratibu, akafunika kawa.