Siti Aliyeniangalizia Kuku

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Najua kisa cha kuku na mtu asiyekuwapo kinachekesha. Lakini mimi sikuhadithiwa, yalinipata mwenyewe, Dubai, tena jua halijazama, na hadi leo sijakicheka.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja pale Al Barsha. Madam wangu alifuga kuku kumi na wawili uani, na wallahi kuku wale waliheshimiwa kuliko mimi. Desemba ile yeye na familia yake walikuwa wanakwenda Ulaya kuona theluji. Nikaomba ruhusa nami niende kwetu Likoni wiki mbili. Nilikuwa na binti, Zuhura, niliyemwacha kwa mama yangu akiwa wa miaka miwili. Sasa alikuwa na sita. Madam akasema, "Yalla, nenda. Lakini tafuta mtu wa kuaminika wa kuku. Wakifa, usirudi."

Nikatafuta hadi nikachoka. Dereva wetu, Mzee Bakari, alikuwa keshaondoka likizo kwao Unguja. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Mkenya mwenzangu wa bara, alinicheka: "Nilinde nyumba, halafu nilinde na kuku? Zii, dada!" Zikabaki siku mbili. Madam na watu wake wameshaondoka, mimi nimekaa uani nalia.

Basi baada ya alasiri mwanamke akapiga hodi mlango wa nyuma. Mwembamba, amevaa buibui, Kiswahili chake cha pwani ya kwetu. Akasema anaitwa Siti, amesikia natafuta mtu. Kabla sijajibu, kuku wote wakamkimbilia. Kuku hawa hawa wanaonidonoa mimi kila siku! Akachutama, akawashika mmoja mmoja. "Yule mwekundu hutaga nyuma ya mashine ya eisii," akaniambia. "Usipoangalia, mayai yataharibika." Nikaenda kuangalia, nikakuta mayai tisa. Hapo mwenye akili angeuliza umejuaje. Mimi akili ningeitoa wapi? Nilikuwa na tiketi mkononi.

Nikamwuliza atataka nini. Hakutaka malipo. "Nifikishie salamu tu, dada yangu. Kwa mama yangu, Takaungu, ulizia kwa Bi Mwanahamisi. Mwambie Siti anakusalimu, na asinisubiri tena. Halafu uniletee jibu lake." Nikamwambia inshallah, nitazifikisha. Nilidhani amenyimwa likizo, maskini. Na salamu kwetu ni amana, hilo nalijua tangu utotoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kutoka Likoni hadi Takaungu si safari ya mtu kulala njiani. Lakini siku ya kwanza nyumba ilijaa wageni. Ya pili Zuhura hakunijua, akajificha nyuma ya bibi yake, akaniita anti. Iliniuma, usiniulize. Alipokuja kunizoea hakubanduka mapajani mwangu, na mimi sikutaka abanduke. Kila asubuhi nilisema kesho nitakwenda. Kesho, kesho, hadi wiki mbili zikaisha, nikapanda ndege salamu ningali nazo.

Nilirudi nikakuta kuku wamenona, maji masafi, banda limefagiliwa, mayai yamepangwa kwenye trei. Jioni ile, kabla ya magharibi, Siti akaja. Hata habari za safari hakuuliza.

"Zimefika?"

Nikasema, "Zimefika."

"Mama amejibu nini?"

Niamini, nilitaka kusema kweli. Uso wake ukanishinda. "Anasema waalaikum salaam. Amefurahi mno. Anakuombea dua kila siku, na hatakusubiri tena."

Siti akakaa chini pale pale kwenye mchanga wa kuku, akalia kwa furaha. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nitapumzika." Nikaingia jikoni kumletea maji. Kurudi, hayupo, na mlango wa nyuma umefungwa komeo kwa ndani.

Mzee Bakari aliporudi kesho yake nikamsimulia. Akavua kofia. "Mwanangu, Siti ndiye aliyekuwa na kazi hii kabla yako. Aliumwa homa, akafia kwenye chumba unacholala. Tulimzika hapa hapa Dubai. Simu ya kwao ilipigwa, haishiki. Madam akasema khalas, yamekwisha. Mie nikijua ni mtu wa Kenya tu, ningeanzia wapi?"

Nikampigia kaka yangu, nikamsihi aende Takaungu. Akaenda, akakuta watu wanasoma hitima. Bi Mwanahamisi alikuwa amefariki wiki moja nyuma, siku ambazo mimi niko Likoni namsuka Zuhura nywele. Majirani walimwambia kaka kwamba hadi mwisho, kila akisikia hodi, aliuliza, "Ni Siti?"

Kazi ile niliiacha. Siku hizi nafanya usafi hotelini Garhoud, Dubai hiyo hiyo, na salamu za watu sipokei. Mtu akiniambia nisalimie fulani, namjibu mpigie mwenyewe. Wanasema nina roho mbaya. Na waseme.

Siti mwenyewe simwogopi. Hakunitendea ila wema, wala hajarudi tena. Lakini wewe unayesafiri, ukipewa salamu za mtu, zifikishe kabla hujafungua begi, kabla hujambeba hata mwanao. Yangu mimi hayarekebishiki. Mama na mwana sasa wako pamoja huko waliko, na mama ameshamwambia kwamba hakuna mtu aliyekuja.