Vitanda Juu ya Matofali

Kiwanja chetu tulikinunua mwezi wa tisa. Mtu aliyezaliwa Tabora anajua kwamba mwezi huo kila mahali ni pakavu, na bondeni kunatimka vumbi sawa na mlimani. Mimi nimezaliwa hapahapa, mume wangu naye hapahapa, na bado tulinunua. Sina wa kumlaumu, lakini nalaumu hivyohivyo.

Mzee aliyetuuzia alikuja amevaa viatu vilivyong'arishwa, akatutembeza mpaka kwa mpaka. Tuliuliza yale ambayo kila mnunuzi huuliza: kama kuna mgogoro, kama ndugu zake wameridhia, kama majirani ni watu wa amani. Akajibu yote vizuri. Maji hatukuyauliza. Matuta ya majaruba ya mpunga ya zamani yalikuwa bado yanaonekana, yamelika na kubaki madogo, nasi tukayakanyaga tukihesabu hatua, mume wangu akisema hapa litakaa jiko na hapa tutaweka baraza. Yule mzee hakutudanganya hata neno moja. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijapata pa kushika mpaka leo.

Juu yetu, kwenye mwinuko wa udongo wa kichanga, inapita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Watu wale walikuwa na mizigo mabegani na safari ya miezi, na walipita kule juu. Sisi tulishuka bondeni na kiinua mgongo alicholipwa mume wangu na reli, tukachoma matofali, tukajenga vyumba vinne. Nilijiona nimefika. Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote nikiishi kwenye nyumba za watu, na siku niliyofunga mlango wa kwangu kwa mara ya kwanza nililia kama mtoto.

Miaka kadhaa nyumba ilitulia. Kisha ukaja msimu ambao mvua ilikataa kukatika. Maji yaliingia asubuhi tukiwa tunakunywa chai, kidogo tu, chini ya mlango, nikayafuata na dekio nikidhani ni mfereji umeziba. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamefika kifuani.

Mama mkwe wangu alikuwa amelala chumba cha nyuma. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu, na mtu mzima aliyelala ni mzito kuliko unavyodhani. Mume wangu aling'oa mlango wa stoo, tukamlaza juu yake, mimi, yeye na majirani wawili, tukamtoa mabegani kuelekea barabarani. Alinishika khanga akawa ananiuliza kwa Kinyamwezi tunampeleka wapi. Sikumjibu, maana nilikuwa nimeelekeza akili zote kwenye miguu yangu. Baadaye alikaa kwa binti yake mjini na hakurudi tena. Alifariki huko kabla ya kiangazi. Daktari alisema ni maradhi yake yaleyale. Mimi nasema hakuwahi kujibiwa.

Baada ya maji walikuja watu wa ofisini, wakapiga picha, wakaandika, wakatupa pole. Tukabaki na tope, harufu, na mstari. Mstari ule ulizunguka nyumba nzima kwa ndani, kimo cha kifua, rangi ya chai ya maziwa. Tulipaka rangi. Ukatokeza. Tukapaka tena, ukatokeza tena. Mwishowe kwingine ukafifia, na chumba cha nyuma, ulipokuwa mbaya zaidi, tukausogezea kabati. Vitanda navyo tukavipandisha juu ya matofali, matatu kila mguu, na mpaka leo napanda kitandani kwa kukanyaga kigoda, mwanamke wa umri wangu.

Kila mvua iliyofuata tulikaa macho tukisikiliza bati. Tulichoka. Tulichoka mpaka tukaacha hata kugombana. Siku moja mume wangu akasema tuuze, nami nikasema haya.

Mnunuzi alipatikana mwezi wa tisa. Asubuhi ile nilimwona mume wangu amekaa kwenye kigoda changu, anang'arisha viatu. Nilisimama nikamwangalia. Hakuinua uso.

Mnunuzi alikuwa binti, mwalimu kijana, amehamishwa kutoka Nzega, mchangamfu, aliyenifanya nikumbuke nilivyokuwa. "Shikamoo mama." Marahaba, mwanangu. Akaomba radhi kwa vumbi la viatu vyake. Akauliza kama kuna mgogoro wa mpaka. Akauliza kama majirani ni watu wema. Mume wangu akajibu yote vizuri, nami nikawa namsubiri yule binti aulize swali moja lililobaki, nikimwombea aulize, nikimwombea asiulize.

Kwenye chumba chetu akacheka. "Mama, mbona vitanda vyenu viko juu hivi?"

"Mchwa," mume wangu akasema. "Huku mchwa ni balaa."

Na ni kweli, mchwa wapo. Nilikuwa naiona nyumba ndogo ya kupanga kule juu kwenye kichanga, na mimi nimelala fofofo mvua inanyesha.

Binti akaingia chumba cha nyuma. Alikitazama sana kuliko vingine, akafungua dirisha, akaikanyagakanyaga sakafu kwa kisigino. "Hiki kitamfaa mama yangu," akasema. "Ni tulivu. Yeye hatembei, yuko kitandani mwaka wa pili sasa."

Mume wangu akageukia dirishani.

Sikuamua chochote, nisijisifu. Nilisikia tu nimeshika kabati, nalivuta, na miguu yake inakwaruza sakafu. Nyuma yake mstari ulikuwa wazi kabisa. "Mwanangu, njoo uweke mkono hapa," nikamwambia. Akaja, akauweka. Mstari ulimfika kifuani.

"Ni maji?"

"Ni maji. Na chumba hiki tulimtoa mama yake huyu, juu ya mlango."

Aliuondoa mkono ukutani. Kisha akasema asante mama, akampa mume wangu mkono kwa adabu, akaenda zake. Tuliisikia bodaboda yake ikipanda mpaka barabarani.

Nilisubiri mume wangu aseme. Ningepokea lolote, hata matusi. Alivua vile viatu, akaviweka pembeni, akatoka pekupeku mpaka nyuma ya jiko yalipo matofali yaliyobaki ya ujenzi. Alirudi na manne amekumbatia, shati lake zuri limejaa vumbi jekundu.

"Mama watoto," akasema, "shika upande huo."

Tukaanza na kitanda cha chumba cha nyuma, tofali la nne kila mguu, ambacho hakuna anayekilalia.