Maneno Aliyosema Mama Neema Kanisani Sikuyaandika Mimi

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la kigango chetu, maana huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto, naishi upande wa Maguu, Mbinga. Kazi yangu ni ushonaji. Kanisani najitolea kuongoza kikundi cha maigizo. Natunga mwenyewe, nafundisha, hata mavazi nashona kwa vitambaa vinavyobaki kwa wateja. Silipwi na sijawahi kudai, ndiyo furaha yangu.

Kwenye kikundi yupo mjane mmoja, nitamwita Mama Neema. Mumewe alifariki mwaka juzi. Wote tulizika tukijua marehemu aliteleza akitoka shambani, akaangukia korongoni. Baada ya msiba kaka mkubwa wa marehemu alichukua shamba lote la kahawa, mjane akaachiwa nyumba na kipande cha mahindi. Huyo shemeji yake ni mwenyekiti wa jumuiya, Jumapili anasoma masomo, watu wanamheshimu mno. Mama Neema hakuwahi kulalamika kwa mtu. Ni mpole, ukimsalimia anajibu kwa sauti ya chini. Akiigiza tu ndipo unajua kwamba ana sauti.

Kwaresma hii nilitunga igizo la ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba hadi mkubwa akamfukuza mdogo. Mwishoni mke wa yule mdogo anapiga magoti, anatamka msamaha, kwaya inaimba, tunamaliza. Mama Neema aliomba mwenyewe kuwa huyo mke. Mazoezi yote alisema kama nilivyoandika, hakukosea hata neno.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mama Neema akapiga magoti, kisha akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikaanza kumnong'oneza kutoka nyuma ya pazia. Akasimama. Hakumtazama mwigizaji mwenzake, alimtazama shemeji yake kwenye benchi la mbele.

"Shemeji," akasema, "mume wangu hakuteleza. Ulimpiga kwa mpini wa jembe, nami nilikuwa natoka kuokota kuni, nikaona. Ukaniambia nikifungua mdomo watoto wangu watakosa na mama. Nimenyamaza mpaka nimechoka."

Jamani, watu walipiga makofi! Walidhani ni igizo. Wengine walifuta machozi wakisema huyu mama ana kipaji. Mimi nyuma ya pazia nilijua si igizo, kwa sababu maneno yale sikuwa nimeyaandika. Makofi yalikatika pale shemeji mtu aliponyanyuka na kutoka nje bila kupiga ishara ya msalaba.

Jioni hiyohiyo ndugu wa mume walimtolea Mama Neema vyombo nje. Watoto wake wawili wakachukuliwa, wakapelekwa kwa shangazi yao Kingerikiti. Alikuja kwangu na khanga aliyokuwa amevaa kwenye igizo. Tulikwenda polisi pamoja. Askari alitusikiliza, akauliza nani mwingine aliona. Hakuna. Ndugu wote walishasema marehemu alianguka, na yeye wakati ule hakupinga. Tukaambiwa tusubiri, watalifuatilia.

Baadaye nikamsindikiza Kingerikiti angalau awaone wanawe. Neema alituona tukiingia uani, akamshika mdogo wake mkono wakakimbilia ndani. Mama yake akamwita, "Neema, ni mimi mama yako." Mtoto akajibu nyuma ya mlango, "Baba mkubwa amesema tukikusogelea na wewe utakufa kama baba." Njia nzima ya kurudi, kwenye ile milima, Mama Neema hakulia. Afadhali angelia.

Sasa wazee wa halmashauri ya kigango wameniita. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia bila kunitazama. Mmoja akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mtunzi. Jumapili simama mbele useme maneno yale yalikuwa ya igizo, uliyatunga wewe. Ukoo umekubali ukisema hivyo mama arudi nyumbani kwake na watoto warudishwe. Ukikataa, kikundi kinafungwa, na huyo mama tusimwone tena kwenye vikao vyetu."

Niliwauliza, "Baba zangu, na marehemu je?" Mmoja alianza kutafuta kofia yake.

Kikundi wakifunge tu, nitaumia lakini nitaishi. Kinachonichanganya ni Mama Neema mwenyewe. Nilipomweleza aliacha kuchambua maharage, akanishika mikono yote miwili. "Dada, sema. Mungu ameshasikia ukweli wangu, wao waambie wanachotaka. Mimi nataka wanangu." Nikamwambia, "Ukirudi pale unaishi uani kwa mtu aliyemuua mumeo. Polisi wakisikia ni igizo nani atakuamini tena?" Akasema, "Wewe wako wanalala hapa. Hujui."

Mume wangu naye amenionya nisijiingize, anasema yule mtu kama aliweza kwa ndugu yake wa tumbo moja, kwetu hatashindwa. Ananiambia niseme tu yaishe. Lakini nikisema, nitakuwa nimesimama mbele ya altare kumsafisha muuaji, na mama huyu nimrudishe mikononi mwake kwa mdomo wangu. Nisiposema, watoto wanabaki kule wakifundishwa kumwogopa mama yao, na yeye ataamini mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Ndugu zangu, msinitukane, nisaidieni mawazo. Jumapili baada ya matangazo nitaitwa mbele, na Mama Neema atakuwa amekaa pale ananitazama. Niseme nini?